Omba kuiona picha ya tochi

Jana nikitoka Morogoro kuelekea Dodoma nilisimamishwa na trafiki. Akaniambia tochi, ile kamera yao ya kupima mwendo, imeninasa nikipita kwenye kibao cha 50 nikiwa na 71. Nikamsalimia, nikampa leseni, kisha nikamwambia, "Afande, naomba kuiona picha." Abiria wangu akaninong'oneza nimalizane naye tu, tunachelewa. Sikutaka kabisa.

Afande hakukasirika. Akafungua simu, picha ikaja: gari jeupe kama langu, ila namba za usajili si zangu. Akaikuza, akaangalia tena namba za gari langu. "Samahani kaka, safari njema." Nilimheshimu sana kwa hilo, maana angeweza kung'ang'ania.

Jamani, kuuliza si ubishi. Faini ya papo kwa papo kwa mwenye gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki. Haiwekwi mkononi mwa mtu. Usipokubali kosa una haki ya kukataa kulipa shauri liende mahakamani, na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Wanaoniuma zaidi ni vijana wa bodaboda. Wengi hutoa elfu tano bila kuuliza wamekosa nini, kwa kuogopa pikipiki kulala kituoni. Mwenye mdogo wake anayeendesha boda amwambie leo: aulize kosa lake kwa adabu, na akilipa adai risiti.