Siku moja maishani mwangu: TV ya Kasulu inarudi

Saa 12:40 asubuhi

Nauza vifaa vya umeme mtandaoni, nikiwa Mwanga, Kigoma mjini. Duka langu halina kibao barabarani. Lina simu mbili, chumba kimoja cha stoo na meza ya kupimia mzigo. Wateja wananiona kwenye stetasi na Instagram, wananilipa kwa lipa namba, mimi napeleka boksi stendi ya Masanga. Wengi wako Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Uvinza.

Ujumbe wa kwanza leo ni wa sauti, na unatoka kwa mwalimu mmoja wa Kasulu aliyenunua TV ya inchi 32.

"Mwakeye dada. Dada, ile TV yako imekufa. Sauti ipo, picha hakuna. Jana tumesikiliza mpira kama redio, na nilikuwa nimealika watu. Mimi naomba hela yangu."

Ujumbe wa mteja mwenye hasira huwa naucheza mara mbili. Mara ya kwanza nasikia hasira, mara ya pili nasikia hitilafu. Hapa maneno ya maana ni mawili tu: sauti ipo. TV iliyokufa kabisa haisemi. Hii inapokea umeme, inashika chaneli, inatoa sauti. Kilichogoma ni upande wa picha peke yake.

Namjibu kwa maandishi, kwa sababu maandishi yanabaki: "Shikamoo mwalimu, pole sana. Naomba vitu viwili: picha ya stika ya nyuma ya TV, ile yenye siriali namba, na video fupi ukiiwasha. Nikishaviona nakupigia." Sijamuuliza ameichomeka wapi wala kama umeme ulikatika. Hayo nitayauliza baadaye. Ukianza nayo, mteja anasikia "umeiharibu mwenyewe," na kuanzia hapo mtabishana siku nzima bila kugusa TV.

Saa 1:15

Picha imefika. Nafungua daftari, maana kila kifaa kinachotoka stoo naandika siriali namba yake, na kabla ya kufunga boksi napiga video kikiwa kinawaka. Namba zinalingana. Hilo ni jambo la kwanza kabisa kwenye madai ya aina hii, kuliko hata ubovu wenyewe. Wapo watu wanaonunua TV mpya wakati ya zamani imeharibika, halafu wanarudisha ile ya zamani. Mwalimu si wa hao.

Nampigia kwa video.

"Mwalimu, funga pazia, chumba kiwe giza. Washa TV, weka chaneli yoyote. Sasa chukua tochi, isogeze karibu na kioo kwa upande, uangalie."

Kimya kidogo, kisha namsikia akimwita mkewe aje aone. "Dada! Kuna watu mle ndani, kwa mbali!"

Basi. Kioo chenyewe ni kizima, na picha inatengenezwa kama kawaida, ila taa za nyuma ya kioo hazimuliki. TV hizi za LED zina vipande vyembamba vya taa ndogondogo nyuma ya kioo, na kwa kawaida taa hizo zimeungwa mfululizo. Ikikatika moja, umeme haupiti kwenda kwa wenzake na mstari mzima unazima. Mafundi wanaita "bakilaiti". Kioo ndicho sehemu ya bei kubwa kuliko zote, na kikivunjika huwa haifai kutengeneza. Taa zinabadilishika.

"Kwa hiyo nimpelekee fundi wa hapa?"

"Hapana mwalimu, usiifungue hata skrubu moja." Nyuma kuna stika ya waranti. Ikichanika, muuzaji wa jumla wa Kariakoo aliyeniuzia atasema imechokonolewa, na mimi sitakuwa na la kujibu tena. "Ilete kwa basi la asubuhi, nauli ya mzigo nitalipa mimi huku ikifika. Boksi lake lipo?"

Boksi lipo, lakini lina vifaranga.

Tunakubaliana aizungushie blanketi, aweke maboksi mawili yaliyokunjuliwa, kioo kielekee godoro dogo la mtoto, na muhimu zaidi, isimame. TV hailazwi. Kwenye buti la basi ikilazwa na mtu akaweka gunia la maharage juu yake, kesho tutakuwa tunazungumzia kioo.

Suala la hela yake nimemwambia wazi: ikifika na nikiona nilichokiona kwenye video, atachagua TV nyingine kama ile au pesa. Mauzo ya bidhaa nchini yana sheria yake, Sura ya 214, na inamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa fulani atoe kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Mteja akikagua mzigo mwenyewe kabla ya kununua, kasoro ambayo alipaswa kuiona inakuwa yake. Sasa mtu wa Kasulu aliyenunua kwa kuangalia picha kwenye simu amekagua nini? Wauzaji wenzangu wanaopenda kuandika "mali ikitoka hairudi" chini ya tangazo hawajalifikiria hilo.

Saa 3

Napakia mzigo wa leo: spika mbili, king'amuzi, chaja. Kuna mteja wa upande wa Burundi ambaye ndugu yake atapokelea Manyovu, kwa hiyo naweka na adapta. Soketi zao zina matundu mawili ya duara, si kama zetu za miguu mitatu bapa. Umeme wenyewe ni uleule wa volti 220 na kitu. Bila adapta, mzigo mzima kama huu ungerudi kwa jina la "haiwaki".

Katikati ya kufunga, ujumbe: "Dada pawabenki yako feki. Imeandikwa 20,000, simu yangu betri ni 5,000, inatakiwa inijazie mara nne. Inajaza mbili tu na kidogo."

Huyu hana kosa, ila pawabenki nayo haina. Ile 20,000 ni miliampea-saa (mAh) za betri zilizo ndani, ambazo ni volti 3.7. Zidisha, unapata 74,000, yaani saa-wati 74. Simu inachajiwa kwa volti 5, kwa hiyo gawanya ile 74,000 kwa 5, zinabaki 14,800. Toa tena kinachopotea kwa joto na ndani ya waya, unabaki na 12,000 au 13,000 hivi. Ndiyo chaji mbili na kidogo. Namwambia aigeuze asome maandishi madogo kabisa: watengenezaji wengi huandika pale uwezo halisi wa kutoa, na kwenye tangazo langu namba hiyo ipo.

Anajibu: "Kwa hiyo wanatuibia kwa maandishi makubwa wanatubu kwa madogo." Sikuwa na cha kuongeza.

Saa 5

Kijana wa Ujiji kaja mwenyewe na simu yake kwa bodaboda. Haichaji. Anafanya kazi kwenye mitumbwi ya dagaa.

Kwanza napiga *#06#, IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, inatokea kwenye kioo, nalinganisha na boksi. Sawa. (Simu ya mkononi ukiitilia shaka, tuma IMEI kwenda 15090 kwa ujumbe mfupi, unaletewa aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Utaratibu huo tumeuzoea tangu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki Juni 2016.) Kisha nachomeka chaja yangu kupitia kile kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea. Volti zipo, ampea sifuri. Simu haivuti kitu.

Natoa trei ya laini, namulika ndani kwa tochi. Kuna kikaratasi kidogo kilichobandikwa mle, kinatoka kiwandani kikiwa cheupe. Hiki ni chekundu.

"Dada, haki ya Mungu haijaingia maji."

Sijamwambia anadanganya. Inawezekana haijatumbukia, lakini mtu anayelala na simu mfukoni juu ya mtumbwi, jasho, mawimbi, nguo mbichi, haina haja ya kutumbukia. Namgeuzia simu aone mwenyewe, namwonyesha na simu nyingine ya aina ileile kutoka stoo yenye kikaratasi cheupe. Waranti haihusiki, ila fundi jirani ataifungua, ataisafisha tundu la chaji, na mimi sitaongeza hata mia juu ya bei ya fundi. Amenuna, kisha akakubali. Nilichoshikilia ni kimoja tu: atoe laini na kadi yake kwanza, na fundi asiombe nywila. Picha za mtu si sehemu ya matengenezo, na tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Saa 6:30 mchana

Masanga. Basi la Kasulu limefika, TV imeshuka ikiwa imesimama, imefungwa kwa kamba ya katani, godoro la mtoto limo. Kabla ya kusaini kwa konda nafungua blanketi palepale na kupiga picha pande zote. Kona haijabonyea, kioo hakina mstari. Nikishaondoka nayo, ufa wowote ni wangu. Konda analalamika nachelewesha. Aendelee tu.

Miguu ya TV imo kwenye mfuko. Rimoti haimo. Naandika.

Saa 8

Nimeiwasha mezani. Taa nyekundu ya chini inawaka, sauti inatoka, kioo cheusi. Nimezima taa ya chumba, nimemulika tochi, watu wapo mle ndani kwa mbali, kama mwalimu alivyosema. Nimepiga video moja isiyokatwa: siriali namba, stika ya waranti ikiwa nzima, kisha TV ikiwaka gizani. Video iliyokatwa vipande Kariakoo wanaikataa, na mimi ningeikataa pia.

Nampigia. "Mwalimu, ubovu ni wa TV, si wako. Hela au TV?"

Anacheka, mara ya kwanza leo. "Mechi nyingine Jumamosi dada. Nipe TV."

Angetaka hela ningeirudisha kwenye namba ileile iliyolipa, hata kama angeniomba nitume kwa shemeji. Hapo siyumbi. Kuna watu hutumia mkanganyiko wa kurudishiwa pesa, mmoja analipa, mwingine anadai, mwishoni wote wawili wanakugeukia.

Natoa TV nyingine stoo, naiacha inawaka nusu saa, siriali namba mpya kwenye daftari, video, boksi, na kalamu nene: KIOO, SIMAMISHA. Namshauri pia anunue stabilaiza, na apunguze mwanga wa kioo, maana wengi wanaacha mwanga ukiwa juu kabisa kama ulivyotoka kiwandani na taa zinachoka kwa joto. Nauli zote mbili ni zangu. Wenzangu wananiambia naharibu soko. Kwangu mimi mteja ambaye hajakosea hawezi kulipia safari ya kosa la kiwanda.

Saa 10:20 jioni

Basi limeondoka na TV. Nimekula sasa, ugali na migebuka, baridi vyote.

Saa 1:30 usiku

Sasa zamu yangu ya kuwa mteja. Nampigia muuzaji wa jumla Kariakoo. Huwa namsubiri afunge duka, mchana hasikilizi mtu.

"Dada yangu, huko kwenu umeme unayumba. Hiyo imepigwa na umeme. Waranti haihusu umeme."

Hilo nilikuwa nalisubiri. "Bosi, umeme ukipanda ghafla kwa kawaida unaanza kuunguza bodi ya pawa. Fyuzi inakatika, kapasita zinavimba, TV haiwaki kabisa. Hii inawaka, taa ya stendibai ipo, sauti ipo. Kilichokufa ni bakilaiti peke yake. Nimekutumia video."

Anaiangalia. Nasikia watoto wake nyuma.

"Stika nzima?"

"Nzima. Na imo ndani ya waranti, risiti yako ya EFD ninayo."

Anavuta pumzi ndefu ya mtu anayeona hesabu. Mwishoni tumefika hapa: niitume kwenye basi la Dar, akiikagua fundi wake na kuona hivyohivyo, ananihesabia TV nzima kwenye mzigo ujao. Nauli ya kwenda ni yangu. Nimejaribu kuigawa nusu, amekataa, nimekubali. Faida ya ile TV ya kwanza imeishia barabarani, kati ya Kasulu na Masanga na Dar. Mwalimu hayo hayamhusu, ndiyo maana sikumfanya asubiri mazungumzo haya ndipo apate TV yake.

"Ila kila kitu kirudi," bosi ananiambia kabla ya kukata. "Miguu, waya, rimoti. Kikipungua kimoja sihesabu."

Saa 2:10

Video kutoka Kasulu: taarifa ya habari, rangi safi, watoto wanapita mbele ya kioo. Chini yake ameandika, "Mungu akubariki dada. Kumbe nimebaki na rimoti mbili, hii moja nitampa jirani, TV yake ni ya aina hii hii."

Nimempigia kabla hajamaliza kuvuka uzio. Rimoti inapanda basi la kwanza kesho, na konda ameshasema ataitoza kama mzigo.