Nilivyowajua ndege wa Norfolk kwa kufuata mwezi na maji

Ninaishi Dersingham, kijiji cha kaskazini-magharibi mwa Norfolk, mkoa wa mashariki mwa Uingereza, na kazi yangu ni kutunza wazee. Sina gari. Nina baiskeli, na darubini ndogo niliyoinunua dukani kwa vitu vya mtumba. Hata hivyo leo mtu akiniuliza ni ndege gani wa kutafuta huku mwezi wowote wa mwaka, naweza kumwambia aende wapi na saa ngapi. Kilichonisaidia zaidi ni ujuzi niliokuja nao kutoka Tanga: kujua bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida.

Karibu na kwetu kuna Wash, hori kubwa lililo kati ya Norfolk na Lincolnshire. Maji yakitoka, tope na mchanga huonekana mpaka jicho lichoke, na ndege wa pwani hutawanyika huko mbali wakichokoa minyoo na kome wadogo. Ukisimama ufukweni wakati huo utaona vitone tu. Unatakiwa kungoja siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tope lote linapofunikwa. Hapo ndege hukosa pa kusimama, wakainuka pamoja na kuvuka tuta la kokoto hadi kwenye mabwawa ya hifadhi ya Snettisham, inayotunzwa na RSPB, shirika la kulinda ndege. Mabwawa hayo ni mashimo ya zamani yaliyochimbwa kokoto.

Si kila bamvua inatosha. Mimi hutazama jedwali la maji ya eneo letu, nachagua siku ambazo maji hupanda juu kuliko siku zote, kisha nafika saa nzima au zaidi kabla hayajajaa. Bahati nzuri ni kwamba bamvua ya Wash hujaa asubuhi mapema na tena jioni. Mwishoni mwa Agosti na Septemba mwanga bado upo, na anayetoka zamu ya usiku, kama mimi, anaweza kupitia huko kabla ya kwenda kulala.

Wengi kati ya ndege hao ni kitwitwi wa kijivu, wenye miili minene kidogo, wanaozaliana Greenland na kaskazini ya mbali ya Kanada. Huja makumi kwa maelfu. Wanaporuka, kundi zima hugeuka kwa pamoja: mara migongo, anga inakuwa nyeusi, mara matumbo, anga inameta fedha. Wakipita juu ya kichwa, mbawa zao huvuma kama mvua inayokuja juu ya mabati. Kozi akitokea kuwawinda, kundi hujikaza likawa donge, kisha likachanika vipande viwili. Nimeona hayo mara nyingi na bado husimama mdomo wazi. Pamoja nao wapo sululu wenye midomo iliyopinda, ambao ndugu zao huja mpaka kwenye fukwe zetu za Tanga na Pemba wakati wa baridi ya Ulaya. Kuwaona huku kulinipa raha ambayo mtu aliye mbali na kwao ataielewa.

Katika kibanda cha kutazamia ndege nilikutana na mzee mmoja Mwingereza aliyeniruhusu nichungulie kwenye darubini yake ya miguu mitatu. Aliniuliza nimejuaje kuja siku ile. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimetazama mwezi." Alifurahi sana, na yeye akanipa jambo ambalo sikulijua: kwa bata bukini, mwezi huohuo unaweza kukunyima.

Bata bukini wa miguu ya waridi huja kutoka Iceland na Greenland kuanzia Septemba, na kilele chao ni kati ya Novemba na Januari. Usiku hulala kwenye matope ya Wash. Alfajiri hupita kwa mistari mirefu juu ya nyumba zetu wakipiga kelele, wakienda mashambani kula mabaki ya viazi-sukari vilivyovunwa, yale majani na vichwa vinavyoachwa na mashine. Lakini mwezi ukiwa mpevu wanaona vizuri usiku, hivyo wanaweza kubaki mashambani wakila, na wewe alfajiri ukangoja bure. Kwa hiyo kwa mtu mwenye nafasi ya siku moja tu ya baridi, ushauri wangu ni bamvua ya mwezi mwandamo, si ya mwezi mpevu: utapata bata bukini alfajiri, na kitwitwi maji yakijaa. Vaa soksi mbili. Upepo wa Wash hauna huruma.

Januari huwa natoka kidogo. Mwishoni mwa mwezi huo RSPB huwaomba watu wote nchini wakae saa moja na kuhesabu ndege wa bustanini, jambo lililoanza mwaka 1979, na wazee tunaowatunza hulipenda mno. Tunawasogeza dirishani, kila mmoja na chai yake. Anayeshangiliwa siku zote ni robini, ndege mdogo wa kifua chekundu, ambaye huimba hata katikati ya baridi, dume na jike.

Majira ya kuchipua macho hayatoshi, kwa sababu majani huficha kila kitu. Nilijifunza kwa masikio, nikitumia Merlin, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell inayosikiliza sauti na kutaja ndege. Nilijiwekea utaratibu: sauti moja mpaka niijue bila simu, ndipo nihamie nyingine. Hivyo ndivyo nilivyompata kekeo, anayefika mwishoni mwa Aprili na kutaga kwenye viota vya wengine. Taasisi ya utafiti wa ndege ya BTO, yenye makao yake Thetford humuhumu Norfolk, imekuwa ikiwafuatilia kekeo kwa setilaiti tangu 2011, na ilionyesha kwamba huenda kukaa kwenye misitu ya bonde la Kongo.

Nilipomsimulia mfanyakazi mwenzangu, dada wa Lubumbashi, alisema, "Kumbe wanatoka kwetu!" Nikamwongezea kuhusu kirukanjia, ndege wa usiku. Huyu naye hufuatiliwa, na wengi wao hupitisha majira ya baridi kusini mwa Kongo. Mei hurudi Uingereza, na kwenye Dersingham Bog, kinamasi kilicho karibu na kwangu, dume hukoroma mfululizo jua likishatua. Dada akataka kumsikia. Tulichagua jioni ya Juni yenye joto, isiyo na upepo, kwa kuwa kukiwa na baridi huimba kidogo, tukatembea njiani tu bila kukanyaga majani, maana kirukanjia hutaga chini kabisa na jike haonekani hata ukiwa hatua mbili naye.