Siku moja, akaunti mbili

Saa 11 na nusu alfajiri. Natoka msikitini, na kabla chai haijachemka nimeshawasha simu mbili. Moja ni yangu. Nyingine ni kuukuu, kioo kimepasuka pembeni, nimeibakiza kwa kazi hii tu. Zote zina gemu moja mpya ya karata ninayoiandikia tathmini. Kwenye simu yangu ipo akaunti waliyonipa watengenezaji: karata zote zimefunguliwa, sarafu zimejaa. Kwenye ile kuukuu ipo niliyoianza mwenyewe bila senti, kama angeanza mtoto yeyote wa Makorora, hapa Tanga.

Leo ni siku ya 19. Nacheza mechi tatu kila simu, naandika kwenye daftari. Akaunti ya zawadi imeshinda mbili. Akaunti tupu haijashinda hata moja, na mpinzani wa mwisho amenimaliza kwa karata ambayo sijaiona katika pakiti 23 za karata nilizofungua.

Saa 2 nafungua kibanda changu cha fundi simu, Barabara ya 8, Ngamiani. Vioo viwili na mfumo wa chaji mmoja. Hivyo ndivyo vinavyolipa kodi. Uandishi wa magemu unaniletea kidogo, lakini ndio ninaolala nikiuwaza.

Saa 4 na robo anaingia mama anayeuza mihogo hapo kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee meseji hizi. Mimi sijamtumia mtu pesa."

Nasoma. Miamala sita ya usiku mmoja, jumla shilingi 41,000, yote ya pakiti za karata kwenye gemu nyingine ya aina hii hii. Ilikuwa fedha ya kikoba. Mwanawe wa kidato cha kwanza anaijua namba ya siri kwa kuwa ndiye anayemsaidia kutuma. Mama hakufoka. Aliuliza tu: "Amenunua nini hasa?"

Nikamwonyesha. Unagusa pakiti, simu inatetemeka, mwanga wa dhahabu unavuja kwenye mpasuko, unangojeshwa kidogo, halafu zinageuka karata tano. Nne kijana alikuwa nazo tayari. Mama akaendelea kuitazama skrini, kama anayengoja kitu kingine kitokee.

Nikamfungia manunuzi, nikamsaidia abadilishe namba ya siri. Sikumtoza kitu.

Mchana nilikula wali harakaharaka huku jambo hilo halinitoki. Sisi waandishi wa magemu ni wapole mno kwa gemu za karata, na nasema sisi kwa sababu na mimi nimo. Soma tathmini yoyote: picha nzuri, sheria zinaeleweka, mechi fupi. Gharama ya kupata fungu moja la karata la kushindana nalo utaikuta aya ya mwisho, sentensi moja, kama ipo. Siamini kwamba watu wanahongwa. Kazi yenyewe ndivyo ilivyopangwa. Akaunti inakuja imejaa. Siku na saa ya kuchapisha anaipanga mtengenezaji, na anayechelewa hasomwi. Halafu mhariri humpa kazi hiyo mtu aliyekwisha kuzipenda karata, ambaye kwake kununua pakiti kumi ni kama kununua bando.

Mwaka 2018 Valve, kampuni ya magemu, walitoa gemu ya karata ya Artifact, iliyobuniwa na Richard Garfield, yule yule aliyebuni mchezo wa karata za karatasi wa Magic: The Gathering wa 1993. Ulilipa dola 20 kuingia, kisha karata nyingine ukazinunua. Wahakiki wengi waliisifu kwa kina cha uchezaji wake, na kina kilikuwepo kweli. Wachezaji wakaihama ndani ya miezi michache, na Machi 2021 Valve wakaacha kuiendeleza. Au Marvel Snap: ilitoka rasmi Oktoba 2022, Desemba ikachukua tuzo ya gemu bora ya simu kwenye The Game Awards. Kwa uchezaji ilistahili, mechi yake ni tamu na haifiki hata dakika tano. Lakini baadaye njia ya kupata karata mpya ilibadilishwa zaidi ya mara moja, na tathmini za wiki ya kwanza ziko palepale zilipoandikwa.

Saa 10 na nusu napita barazani. Wazee wanacheza, karata zao zimelegea kwa jasho la mikono. Mmoja wao, rafiki wa marehemu babu, aliniuliza daftari lile la nini. Nikamweleza. Alikuwa anachanga bila kutazama vidole.

"Sasa mtu akinunua turufu kwao akaja nayo, mnamkaribisha kucheza?"

"Ndiyo, babu. Na anawekewa mpinzani asiyekuwa nayo."

Akakata, akagawa. Hakuniuliza tena.

Njiani nilikumbuka kwamba hata Magic ya karatasi huuzwa kwa pakiti. Ila ile ukiichoka unamuuzia mwenzako, au unampa mdogo wako. Katika gemu nyingi za simu karata haitoki kwenye akaunti. Ukiacha kucheza, imekufia humo.

Saa 3 usiku naandika. Safari hii fedha imekaa aya ya kwanza: siku 19, pakiti 23, karata ngapi mpya, ngapi za kurudia. Uchezaji nimeusifu unapostahili, maana ni gemu iliyobuniwa kwa akili. Mhariri akapiga kutoka Dar.

"Kaka, alama ziko wapi? Wenzetu walitoa siku ya kwanza."

"Nipe mpaka siku ya 40, kaka. Hii itoke bila alama, tuweke tarehe nitakayozileta."

Alikaa kimya, nikasikia anapumua. "Haya. Lakini tarehe uiandike wewe, kwa jina lako."

Nikaiandika.

Saa 5 nimefungua pakiti ya 24 kwenye simu kuukuu. Moja mpya, ya daraja la chini. Nimeiingiza daftarini, nimeichomeka simu kwenye chaji.