Kumbukumbu ya mradi: kumaliza stoo kwenye soko la buti

Mradi: kuondoa vitu visivyotumika vya nyumba ya vyumba vitatu, kusini mwa Uingereza, kwa Jumapili mbili za soko la buti. Kipimo ni gari kurudi tupu. Hela inakuja nyuma yake.

Kwa asiyelijua soko hili: ni uwanja, mara nyingi shamba la majani, uwanja wa mbio za farasi au maegesho ya shule. Watu hufika alfajiri na magari, hufungua buti (sehemu ya mizigo nyuma ya gari), hutandika meza na kuuza vya nyumbani kwao. Viwanja vya majani huanza Machi au Aprili na kufungwa Septemba au Oktoba. Vya lami vingine huenda mwaka mzima. London ina taratibu zake: cha Chiswick ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, cha Battersea ni cha mchana. Saa zilizomo humu ni za Kiswahili, kwa hiyo tangazo likiandika 6:00 maana yake ni saa 12 asubuhi. Ukikosea hapo utafika wenzako wakifungasha.

Wiki ya 1: kuchambua

Marundo manne sakafuni: cha uwanjani, cha mtandaoni, cha duka la hisani (linalouza vitu vilivyotolewa msaada), cha jaa la halmashauri. Ugumu uko kati ya mawili ya kwanza. Kanuni tunayofuata: kitu chepesi kutuma kwa posta na kinachoweza kupata zaidi ya pauni 20 hakiendi uwanjani. Mnunuzi wa pale ana sarafu na noti za tano. Ukimtajia 40 anatabasamu na kupita. Lakini kitu kikubwa, kizito au kinachovunjika kinauzwa hapo hapo hata kwa nusu ya thamani, maana kukifunga na kukituma kutakula hiyo nusu nyingine.

Vinavyotoka haraka: vyombo vya fundi vya mkono (randa za Stanley, jiliwa za Record, patasi hata zenye kutu), Lego, gemu za Nintendo, bakuli za Pyrex za zamani, masufuria mazito ya chuma, santuri, mapambo ya shanga na bandia, miche ya bustani, nguo za watoto zilizofungwa kwa umri.

Visivyotoka: kanda za video, ensaiklopidia, televisheni za kisogo, printa. Na seti za sahani za harusi. Hizi zinashangaza wengi kwa sababu zilinunuliwa kwa bei ya juu, lakini utepe wa dhahabu ukingoni unatoa cheche kwenye maikrowevu na unachujuka kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Nani atazichukua?

Vya kutouza kabisa, hata mtu akikuomba: kiti cha gari cha mtoto na kofia ya baiskeli. Ikiwa vimewahi kupata ajali, ufa uko ndani na hauonekani. Pombe inataka leseni. Visu haviuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. DVD na viatu vya chapa bandia ni kosa la jinai.

Wiki ya 2: kukagua na kusafisha

Kazi hii ndiyo inayorukwa, na ndipo hela inapopotelea. Mfano ni droo ya vijiko. Chukua kimoja, kisugue mpini kwa upande wa nyuma, kisha tazama kwa kioo cha kukuza mara 10. Kuna alama ndogo zimegongwa kwa mstari. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi) iliyopimwa Uingereza. Pembeni yake kuna alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ua la waridi ni Sheffield tangu 1975 (kabla ya hapo ilikuwa taji). Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni fedha ya kupakwa juu, kijiko cha peni 50. Usipoteze muda na sumaku: fedha halisi haivutwi, na EPNS nayo haivutwi, kwa hiyo jibu ni lile lile. Kwa pete na mikufu, 375 ni dhahabu ya karati 9 na 750 ni ya karati 18. Wachuuzi (wanaonunua ili wakauze tena) wanaokuja na tochi gizani wanatafuta alama hizi hizi kwenye boksi lako la pauni moja moja.

Lego: tazama chunusi za juu ya kila kipande, jina limeandikwa juu ya kila moja. Vya kuiga vikichanganyika humo, mnunuzi anayejua anashusha bei ya mfuko mzima. Oshea kwenye mfuko wa wavu, maji yasizidi nyuzi 40, vipande visije vikapinda. Vyenye stika vioshwe kwa mkono.

Umeme: washa kila kitu nyumbani kwanza. Plagi ya Uingereza ina fyuzi ndani. Taa na redio ni 3A (ampea 3). Birika, pasi na hita ni 13A. Taa yenye 13A itawaka bila shida, ila waya wake mwembamba ukipata hitilafu utaungua kabla fyuzi haijakatika. Badilisha, ni peni chache. Kisha bandika kikaratasi: "inafanya kazi, imejaribiwa". Kwa midoli ya betri, beba betri nne za AA na bisibisi ndogo ya nyota. Mdoli unaolia unauzwa; ulionyamaza unaulizwa maswali.

Simu na kompyuta: toa kwanza akaunti yako, halafu ndipo urudishe mipangilio ya kiwandani. Ukigeuza mfuatano huo, simu inabaki imefungwa kwa jina lako na mnunuzi amenunua kipande cha kioo. Kagua pia mifuko ya makoti, zipu za ndani za mikoba na kurasa za vitabu. Risiti zenye jina na anwani hujificha huko.

Wiki ya 3: bei na chenji

Hesabu ya kuanzia: ada ya nafasi pauni 12 (gari dogo, vani hulipa zaidi, na viwanja hutofautiana), mafuta pauni 5. Jumla 17. Ikiwa wastani wa kitu kimoja ni pauni 1.50, vitu 12 vya kwanza ni vya kulipia uwanja tu. Ndiyo maana kwenda na maboksi matatu ni kujichosha. Jaza gari.

Bei ziwe za sarafu kamili: peni 50, pauni 1, 2, 5. Pauni 1.75 inakula chenji na muda. Anza juu kidogo ya unachokitaka: unataka 4, sema 5. Aliyekulia Kariakoo au Gikomba atazoea kutaja mara tatu na kusubiri kuvutana, lakini hapa mbinu hiyo inaua biashara. Mwingereza mara nyingi hapatani bei. Akiona ghali anarudisha kitu mezani taratibu, anasema asante, na hutamwona tena. Wanaopatana ni wachuuzi, na wao wanataja nusu ya bei bila aibu. Wajibu kwa fungu: "Hivyo vitatu, pauni 10." Fungu linahamisha mzigo zaidi kuliko punguzo.

Kuhusu stika: tumia utepe wa karatasi wa wapaka rangi na maka peni. Selotepu inachuna jalada la kitabu, na stika za kawaida zikipigwa na jua zinaacha gundi. Vitu vidogo havihitaji bei kila kimoja. Boksi lenye kibao "chochote peni 50" linatosha, na watu wanapenda kupekua.

Chenji: sarafu 20 za pauni moja, 20 za peni 50, noti mbili za tano. Jumla pauni 40. Zikae kwenye mkoba wa kiunoni. Kopo juu ya meza ni la kuibiwa. Noti za karatasi za Benki Kuu ya Uingereza hazipokelewi tena madukani; za 20 na 50 ziliondolewa Septemba 30, 2022. Noti zote za sasa ni za plastiki, zina dirisha la kuona upande wa pili na maandishi yanayokwaruza kidole. Zenye sura ya Mfalme Charles zilianza kutoka Juni 2024, za Malkia nazo bado ni halali. Noti ya 50 kwa kitu cha pauni 2 saa 1 asubuhi: kataa kwa upole, chenji yako yote itaondoka nayo.

Kisoma kadi kinasaidia kwa vitu vya zaidi ya pauni 10, ila mtandao wa simu kwenye mashamba mengi ni wa kubahatisha. Usikitegemee.

Jumamosi jioni: kupakia

Maboksi bora ni ya ndizi, supermaketi huyatoa bure ukiomba asubuhi. Yana matundu ya kushikia na mfuniko unaovaa juu. Kasoro yao ni tundu kubwa la kitako, kwa hiyo weka kipande cha kadibodi ndani kwanza, la sivyo vijiko vitashukia kwenye majani. Vitabu jaza nusu tu ya boksi, juu weka nguo. Boksi zima la vitabu linavunja mgongo.

Mpangilio ni kinyume cha utakavyotoa. Vitabu na DVD vinaingia kwanza, vyombo vya kuvunjika katikati, nguo juu, meza na turubai mwisho kabisa mlangoni. Vitu vya thamani haviingii kwenye buti. Vinakaa kiti cha mbele, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Meza inayotumika ni ya kukunja, ile ya kupakia gundi karatasi za ukutani, urefu kama mita 1.8. Ni nyepesi na rahisi, lakini uso wake ni ubao mwembamba. Ukiujaza vitabu unabonyea katikati, kisha miguu inajikunja yenyewe. Vitu vizito viweke chini, juu ya turubai.

Jumapili: saa 11:30 alfajiri hadi saa 6

Dakika 20 za mwanzo zina tabia yake. Gari likisimama tu, wachuuzi wanalizunguka, wengine wanaingiza mikono kwenye maboksi kabla hujashuka. Ukifungua buti lote, vitu vitatoka bila kulipiwa, na utakuwa umetaja bei kumi bila kufikiri hata moja. Utaratibu uliofanya kazi: buti limefungwa, tandika turubai, simamisha meza, mtu wa kwanza asimame mbele ya meza na mkoba wa hela, wa pili atoe boksi moja moja. Akitaja bei mtu ambaye hujamwonyesha kitu, jibu ni "bado tunapanga". Mwenye haraka namna hiyo mara nyingi amekiona kitu unachotaka kukiuza kwa bei ya kutupa.

Umande ni tatizo lisilotajwa. Saa 12 majani yamelowa, na maboksi ya karatasi yaliyowekwa chini yanaoza kitako kufikia saa 2. Turubai liwe kubwa kuliko unavyodhani, mita 3 kwa 4.

Stendi ya nguo huangushwa na upepo mdogo. Funga madumu mawili ya maji ya lita 5 kwenye miguu, kilo 10 zinaishikilia. Santuri zisikae juani, zinapinda kabla ya saa 4.

Kuanzia saa 2 hadi saa 4 ndio wakati wa familia. Hapo weka vitu vya watoto kwenye turubai, usawa wa macho yao. Jaza mapengo ya meza kila mara; meza yenye mapengo inaonekana imeshachaguliwa. Saa 4:30 anza kushusha. Saa 5, kibao kipya: "jaza mfuko, pauni 2". Saa hiyo nguo zilizokaa asubuhi nzima ziliondoka ndani ya dakika 15. Viwanja vingi haviruhusu gari kutoka kabla ya saa iliyopangwa, kwa sababu wanunuzi wanatembea kwenye njia zile zile. Uliza unapoingia.

Matokeo ya Jumapili ya 1: maboksi 14 yalikwenda, matatu yakarudi. Makusanyo pauni 143, ukitoa 17 zinabaki 126. Kodi haihusiki hapa. Kuuza vitu vyako vilivyokuwa vya matumizi ya nyumbani si biashara, na hata ukianza kununua ili uuze, pauni 1,000 za kwanza za mapato kwa mwaka wa kodi hazitozwi.

Mabaki

Maboksi matatu hayakushushwa nyumbani. Yalikaa ndani ya gari hadi Jumatatu, mawili yakaenda duka la hisani, la tatu, lenye waya na chaja, kwenye kontena la vifaa vya umeme huko jaa la halmashauri. Kuyaacha uwanjani ni kutupa taka kinyume cha sheria, na waandalizi huandika namba za magari.

Kwa Jumapili ya 2 vinabadilishwa vitatu: stendi ya pili ya nguo, turubai la ziada kwa ajili ya mvua, na sahani za harusi zinaondolewa kwenye orodha. Zimebebwa mara moja, vipande 42, kilo kama 20, na zilizonunuliwa ni bakuli mbili. Mnunuzi alisema ni za paka.