Cheti cha jengo la kijani, na orofa mbili bado tupu

Jengo ninalolisimamia hapa Kisumu lina orofa tano. Tulipoanza kutafuta cheti cha EDGE, kinachopewa majengo yasiyopoteza umeme wala maji, mbili hazikuwa na mpangaji: sakafu ya zege, nyaya zinaning'inia darini, basi. Mzee mwenye jengo akaniuliza swali la haki kabisa: "Taa zitaokoaje umeme mahali pasipo na taa?"

EDGE ni mfumo wa IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Hudai jengo lipunguze matumizi kwa angalau asilimia 20 kuliko jengo la kawaida la eneo hilo, katika mambo matatu: nishati, maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Programu ya kupigia hesabu ni ya bure mtandaoni. Niliijaza usiku mmoja, taa za LED orofa zote, nikalala nikijiona bingwa. Asubuhi mtaalamu wetu akazifuta za orofa tupu. Cha mwenye jengo kihesabu, akaniambia. Cha mpangaji asiyekuwepo usikiguse mpaka kuwe na mkataba unaomfunga.

Ikabidi tugawane mali na mtu ambaye hatujamwona. Paa, vivuli vya madirisha, taa za ngazi na vyoo vya ukumbini vikawa vyetu. Taa za ndani na viyoyozi vikawa vyake. (LEED, cheti kingine cha aina hii kutoka Marekani, nayo ina njia ya majengo ambayo mwenyewe anajenga kuta za nje, paa na ngazi, wapangaji wakamalizia ndani. Kwa mfuko wetu, EDGE ilitosha.)

Paa lilikuwa rahisi: mabati yaliyochakaa tukayapaka rangi nyeupe, kwa sababu jua la Kisumu ukiliacha lipige mabati yenye kutu, orofa ya juu inakuwa tanuri. Maji ndiyo yalinitoa jasho. Nilisimama chooni na ndoo na saa ya simu, nikipima kila mfereji kwa dakika moja. Wa kwanza ulitoa lita 9. Fundi akafungua mdomo wa mfereji, akafunga kichujio kidogo kinachochanganya maji na hewa. Tukapima tena, lita 4. Mfereji mmoja ulikataa katakata, nyuzi zake zilikuwa zimelika, tukanunua mpya. Kila kipimo nikakipiga picha na kuhifadhi risiti, maana mkaguzi haamini maneno ya mtu.

Wapangaji waliokuwepo tuliwabadilishia taa kwa pesa zetu. Kubishana nao kungekula muda kuliko bei ya balbu. Kwa orofa tupu, wakili aliongeza kipengele kwenye mkataba wa upangishaji: LED pekee, na kiyoyozi cha kiwango tulichotaja, pamoja na mwongozo wa kurasa mbili. Mzee aliogopa kwamba kingefukuza wateja. Mmoja kweli aliondoka, ingawa nashuku kilichomkimbiza ni kodi.

Cheti kilipotoka, orofa ya nne ikachukuliwa na mwenye duka la dawa. Siku ya kuhamia, vijana wake walipanda ngazi na katoni za taa za mirija ya zamani.

"Daktari, hizi haziingii."

"Omera, ndugu yangu, nishalipia!"

Nikamfungulia ukurasa aliotia sahihi. Akasoma, akacheka, akawaambia vijana wazirudishe dukani kabla risiti haijapotea. Orofa ya tatu bado iko wazi.