Gemu ya kusoma
Wanaosema gemu yenye maandishi mengi inachosha, naona bado hawajacheza Disco Elysium. Ilitoka 2019, ina maneno zaidi ya milioni moja, na hakuna mapigano ya kubonyeza vitufe harakaharaka. Wewe ni mpelelezi uliyeamka hotelini na uchovu wa pombe, hata jina lako hulikumbuki. Tai yako inaning'inia kwenye feni ya dari. Ukijaribu kuichukua na afya yako ni mbovu, moyo unaweza kusimama, hadithi ikaishia hapo hapo! Nilicheka peke yangu hapa Umoja hadi jirani akagonga ukuta.

Utamu wenyewe uko kwenye vipaji vyake 24, kila kimoja na sauti yake kichwani mwako. Mantiki inasema hivi, huruma inabisha, kingine kinakuchochea tu utafute sigara. Unasoma polepole kwa sababu jibu utakalochagua litakufuata mbele. Riwaya, hata iwe nzuri vipi, hainisubiri niamue.

Binamu yangu, mtu wa gemu za mpira, alichungulia skrini akauliza kama nasomea mtihani. Nikampa kiti. Kufikia saa tano usiku ndiye alikuwa ananikataza kuruka mistari. Kesho anarudi, nimemwambia aje na mandazi.