Shahada ya Tenzi Inalipa, Ila Si Kwa Tenzi Zenyewe

Nilipochagua fasihi ya kale ya Kiswahili pamoja na Kiarabu, ukoo mzima ulinihurumia. Mjomba ndiye aliyezidi: "Soma ugavi, mjomba, tenzi haziliwi." Binamu zangu waliosoma huo ugavi bado wanazungusha bahasha, lakini tuyaache.

Wenzangu chuoni walisoma tenzi kama Mwana Kupona wa 1858 na Tambuka wa 1728 kwenye vitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kilatini, wakafaulu vizuri tu. Mimi nikang'ang'ania miswada yenyewe, ya khati za Kiarabu. Mali imelala humo. Katika khati za zamani p iliazima herufi ya b, ch ya sh, v ya f, na ile m ya "mb" mara nyingi haikuandikwa kabisa. Kwa hiyo baba, papa, bamba na pamba yanaweza kuandikwa sawasawa! I na e nazo zinagawana alama moja. Kilichoniokoa ni kughani: mizani nane, yaani silabi nane kila mshororo, inakuonyesha mshororo unakatika wapi, vina vinakuambia kama ni i au e. Ukikosea, sikio linakataa. Picha za miswada ya SOAS, chuo kikuu cha London, zipo mtandaoni bure, msisubiri mhadhiri awaletee.

Baada ya mahafali nikaenda kwenye usaili wa benki moja. Jopo likasoma wasifu wangu, likaniomba nighani ubeti. Nikaghani, na sauti ninayo. Wakapiga makofi, mmoja akanirekodi kwa simu, wakasema watanipigia. Huenda namba ilipotea.

Riziki ilitokea Tanga, kwenye kesi ya ardhi. Familia ilikuwa na hati ya babu yao, wakampelekea ustadhi anayejua Kiarabu hasa. Akasoma "shaba", akasoma "buyu", akairudisha: hiki si Kiarabu, labda hirizi. Wakili wao akaanza kuulizia habari za madini ya shaba. Ndipo nikaitwa. Kilikuwa Kiswahili kitupu! Shaba ni shamba, buyu ni mbuyu wa mpakani, na tarehe ni Mfungo Sita, mwezi wa kalenda ya Kiislamu, mwaka 1310 wa Hijria, yaani Septemba au Oktoba 1892. Hati ya shamba haina vina vya kukushika mkono, basi nikamsomea bibi wa nyumba ile kwa sauti, kila neno lenye utata nikilitamka hivi na hivi. Kufika kwenye mbuyu akanikatiza: "Si huo ulioko nyuma ya kisima? Mjini mnatafuta nini?"

Nililipwa laki na kidogo, na wakili yule akanitangaza kwa wenzake. Sasa nasoma hati za wakfu, barua za wafanyabiashara, mara mojamoja naorodhesha miswada ya watafiti. Miezi mikavu nahariri vitabu vya shule. Tenzi zenyewe hazijawahi kunilipa hata shilingi, zilinifundisha kusoma tu.

Sarufi ya Kiarabu usiikwepe, hati za wakfu hazina huruma. Jua Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa kwa Kiarabu chake. Kwenye wasifu usijiite mtaalamu wa tenzi, andika mfasiri na msomaji wa nyaraka za kale. Malipo chukua nusu kabla hujafungua karatasi, na iliyoliwa na mchwa ina bei yake.